Jeki ndani ya mgongo: ofisi ya hataza inapokataa, inakataa nini?

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp mtu alitupia picha ya kidude cha titaniamu, urefu wake kama kokwa ya tende. Daktari anakiingiza kati ya pingili mbili za mgongo kikiwa kimenywea, halafu anazungusha bisibisi ndefu na kidude kinainuka. Chini ya picha kulikuwa na maandishi: "Ofisi ya hataza ya Marekani yakataa madai yote 20." Basi, maoni yakamiminika. Mmoja akasema ni wazi kidude ni hatari, ndiyo maana wamekikataa. Wa pili akaona njama ya makampuni makubwa ya kumzima mvumbuzi mdogo. Wa tatu, ambaye ana gereji, akaandika maneno matatu tu: "Hiyo si jeki?"

Wawili wa kwanza walikosea, tena kwa mbali. Yule wa gereji, bila kujua, aliuliza swali lile lile ambalo mchunguzi wa hataza, yaani afisa anayepima kama uvumbuzi unastahili haki ya kipekee, analipwa mshahara aliulize.

Tuanze na kidude chenyewe, maana bila kukielewa hatutaelewa ugomvi.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangana moja juu ya nyingine, na kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani mto wa gegedu unaopokea uzito na kuruhusu mgongo kupinda. Diski ikichakaa na kubonyea, pingili husogeleana, njia za mishipa ya fahamu hubanwa, na mtu husikia maumivu yanayoteremka mpaka mguuni. Wengi hupona kwa mazoezi na dawa. Kwa baadhi, daktari huitoa diski, huweka kipandikizi mahali pake ili kurudisha nafasi iliyopotea, na hujaza vipande vya mfupa ili baada ya miezi kadhaa pingili zile mbili ziote pamoja ziwe mfupa mmoja. Kipandikizi hicho huitwa keji, kutoka neno la Kiingereza "cage", yaani kizimba, maana kina matundu na uwazi ndani ambamo mfupa unapita ukiota.

Keji hizi zilianza kwa farasi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari wa mifupa George Bagby, akishirikiana na madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Washington State, alitumia kikapu kidogo cha chuma cha pua chenye matundu kuunganisha pingili za shingo za farasi waliokuwa wakiyumba kwa sababu mshipa mkuu wa fahamu ulio ndani ya uti wao ulikuwa umebanwa. Hataza yake ilitoka mwaka 1985. Toleo la binadamu lililokua kutokana na wazo hilo, lililoitwa BAK, liliidhinishwa Marekani mwaka 1996. Shikilia habari ya farasi, tutairudia.

Keji ya kawaida ina kimo kimoja. Kama nafasi inahitaji milimita 12, basi kitu cha milimita 12 lazima kipite kwenye mlango mwembamba, kikigongwa kwa nyundo, huku mshipa wa fahamu umevutwa pembeni. Ndipo wakaja na keji inayotanuka: inaingia na milimita 8, ikifika ndani inainuliwa. Namna za kuinua ni nyingi kuliko unavyodhani. Kuna kabari inayovutwa na skrubu, kuna mikono inayopishana kama mkasi, kuna meno yanayopanda ngazi moja moja bila kurudi kama zile tai za plastiki za kufungia nyaya, kuna maji yenye shinikizo, na kuna hata mfuko wa wavu unaojazwa mfupa mpaka unavimba. Kila namna ina gharama yake. Mitambo ya ndani inakula nafasi ambayo ingekaliwa na mfupa, na ukitanua kupita kiasi bamba la keji linazama kwenye pingili kama mguu wa meza kwenye udongo uliolowa. Ndiyo maana kila kampuni inaendelea kubuni, na maombi ya hataza hayaishi.

Hataza si cheti cha ubora

Hataza ni haki ambayo serikali inampa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie, wasiuze wala wasiingize nchini kitu alichokivumbua, kwa muda ambao kwa kawaida ni miaka 20 tangu siku alipopeleka ombi. Naye analipa kwa kueleza hadharani jinsi kitu kinavyofanya kazi, ili muda ukiisha kila mtu akitumie.

Ni haki ya kuzuia. Haimpi mwenyewe ruhusa ya kutengeneza. Tuseme Asha ana hataza ya keji inayoinuliwa na kabari. Juma anaongeza kifungo kinachozuia kabari isirudi nyuma, naye anapewa hataza ya kifungo. Juma hawezi kuuza keji yake bila idhini ya Asha, kwa sababu ndani yake imo kabari ya Asha. Asha naye hawezi kuweka kifungo cha Juma. Wote wawili wana hataza halali, na wote wawili wamekwama mpaka wakae chini wazungumze.

Wala mchunguzi hapimi usalama. Yule afisa aliyeko kwenye ofisi ya hataza, ambayo makao yake ni Alexandria, jimbo la Virginia, hakiweki kidude mezani akakibonyeza, na haoni mgonjwa hata mmoja. Anasoma karatasi. Usalama unaangaliwa na mamlaka nyingine kabisa, FDA, ile ya chakula na dawa ya Marekani, na hapa kuna kichekesho ambacho mimi sikuacha kukifurahia tangu nilipokigundua. Mwaka 2007 FDA iliziweka keji nyingi za aina hii katika daraja la kati la hatari, ambamo kampuni inaweza kupita kwa kuonyesha kwamba kifaa chake kinalingana kwa mambo ya msingi na kingine kilicho sokoni tayari. Kwa hiyo kampuni ile ile, kwa keji ile ile, inakwenda FDA ikisema "yetu ni kama zile mnazozijua", halafu inakwenda ofisi ya hataza ikisema "haijapata kuonekana kama hii". Si uongo. Maswali ni mawili tofauti, na kitu kinaweza kufanana na vingine kwa usalama wake huku kikitofautiana navyo kwa utaratibu wa skrubu zake.

Msemo "hataza ya muundo" nao unawachanganya watu. Marekani wana hataza ya sura ya kitu, jinsi kinavyoonekana kwa macho, ambayo hudumu miaka 15 tangu itolewe. Tunayoizungumzia hapa ni ile nyingine, ya jinsi kitu kinavyofanya kazi.

Madai ndiyo mipaka ya kiwanja

Waraka wa hataza una michoro, una maelezo marefu, na mwisho kabisa una madai. Kwenye Kiswahili cha kila siku madai ni malalamiko au deni, ndiyo maana "madai yote 20 yamekataliwa" inasikika kama mtu ameshindwa kesi. Kwenye hataza, dai ni sentensi inayotaja mipaka ya kile unachokiomba. Maelezo na michoro ni picha ya shamba zima. Madai ni yale mawe ya mpaka. Jirani akivuka mawe, unamshtaki. Akijenga nje ya mawe, hata kama nyumba yake inafanana na iliyo kwenye mchoro wako, huna la kumfanya.

Na kwa nini 20? Kwa sababu ada ya kawaida ya Marekani inabeba madai 20, na matatu kati yake yanaweza kujitegemea. La 21 linalipiwa zaidi. Mawakili ni binadamu.

Tubuni dai la kwanza la keji ya mfano:

"1. Kipandikizi cha kati ya pingili, chenye bamba la juu; bamba la chini; na utaratibu wa kutanua uliopo kati ya mabamba hayo, unaoongeza umbali kati yake."

Sentensi fupi, na hapo ndipo watu wanapopotea. Wanadhani dai fupi ni dai dogo. Ni kinyume chake. Ukisema "shamba langu ni lote lililo mashariki ya mto", umetumia maneno machache na umechukua nusu ya wilaya. Ukisema "kuanzia mwembe mpaka kisima, upana hatua 30", maneno yameongezeka na shamba limepungua. Dai letu hapo juu linataka kila keji yenye mabamba mawili na kitu chochote kinachoyatenganisha, iwe kabari, mkasi, maji au uchawi.

Sasa mrudie yule wa gereji. Jeki ina bamba la juu, ina kitako, ina utaratibu katikati unaoongeza umbali. Mchunguzi anatakiwa ayape maneno ya dai maana pana kadiri inavyokubalika kwa akili ya kawaida, na maneno "kipandikizi cha kati ya pingili" yakiwa mwanzoni kama jina tu, anaweza kuyahesabu kuwa yanataja matumizi yanayokusudiwa na si umbo la kitu. Dai la kifaa linapimwa kwa jinsi kifaa kilivyo, si kwa sababu uliyokitengenezea. Kwa hiyo fundi wetu hakuwa akitania.

Kwa kweli mchunguzi huwa hahitaji kwenda gereji. Keji zote za aina hii zimepangwa kwenye fungu moja la mfumo wa kimataifa wa kupanga hataza, A61F 2/44, lenye maelfu ya nyaraka, na humo atapata ndugu wa karibu zaidi. Lakini akitaka kwenda, mlango uko wazi: jeki zina fungu lao, B66F 3, na sheria inamruhusu kutumia waraka wa fani nyingine mradi unahusu tatizo lile lile ambalo mvumbuzi alikuwa anahangaika nalo. Kuinua kitu kizito mahali pembamba ni tatizo la zamani kuliko magari.

Yote yaliyojulikana kabla ya ombi huhesabika. Farasi wa Bagby wanahesabika. Sheria haiulizi mgonjwa alikuwa na miguu mingapi. Makala ya Kijapani inahesabika, tasnifu iliyolala kwenye rafu ya maktaba inahesabika, na hotuba ya mvumbuzi mwenyewe kwenye mkutano wa madaktari inahesabika pia. Marekani humpa mwaka mmoja wa kupeleka ombi baada ya kujitangaza mwenyewe. Ulaya haimpi hata siku. Daktari aliyeonyesha slaidi zake Jumatatu na kupeleka ombi la Ulaya Jumanne amejizibia njia kwa mdomo wake.

Maswali mawili

Swali la kwanza la mchunguzi ni jepesi: je, upo waraka mmoja ambao ndani yake kila kipande cha dai kimo? Kama upo, kitu si kipya. Dai letu la mabamba mawili linafia hapo.

Swali la pili ndilo linalowafanya mawakili wajenge nyumba. Hata kama hakuna waraka mmoja wenye yote, je, mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani hiyo angeona wazi kuunganisha mawili matatu yaliyokuwepo akapata kitu hiki? Fikiria mama ntilie anayepika wali na maharage kila siku. Akiviweka sahani moja, hajavumbua. Lakini je, akigundua kwamba kitu fulani kwenye maji ya kuchemshia ndizi kinafanya maharage yaive nusu ya muda? Hapo kuna hatua ambayo wenzake hawakuiona, ingawa ndizi na maharage vilikuwepo siku zote.

Kesi iliyotikisa swali hili haikuwa ya mgongo. Ilikuwa ya pedali ya gari. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya KSR na Teleflex, ilisema kwamba kuweka kihisi cha umeme kwenye pedali inayorekebishika lilikuwa jambo la wazi, kwa kuwa pedali ilikuwepo, kihisi kilikuwepo, na soko lilikuwa linasukuma kuviunganisha. Majaji walisisitiza kwamba huyo mtu mwenye ujuzi wa kawaida si roboti. Naye ana ubunifu wake wa kila siku. Tangu hapo mchunguzi amepata nguvu ya kusema: kabari tunaijua, skrubu tunaijua, keji tunaijua, mbona usingeviunganisha?

Ila nguvu hiyo ina kamba. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya shirikisho inayosikiliza mashauri ya hataza ilipokea shauri la kampuni ya NuVasive kuhusu kipandikizi cha mgongo chenye alama zinazoonekana kwenye eksirei. Keji nyingi hutengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo PEEK, na plastiki hiyo haionekani kwenye eksirei. Ukipiga picha unaona pingili na kati yake hewa tupu. Ndiyo maana wanachomeka vipini vidogo vya chuma, daktari ajue keji imekaa wapi. Ugomvi ulihusu vipini vilivyowekwa kwenye mstari wa katikati wa kipandikizi. Bodi ya ofisi ya hataza ilikuwa imesema jambo hilo ni la wazi. Mahakama ikairudisha kazi hiyo kwa bodi: hamjaeleza kwa nini mtu wa fani hii angesukumwa kuviweka hapo katikati. Kusema tu kwamba vitu viwili vilikuwepo na vingeweza kuunganishwa hakutoshi. Sababu lazima iandikwe.

Vipini vya chuma vyenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti, na watu wamekwenda mpaka mahakama ya rufaa. Usiwashangae. Mwaka 2005 kampuni ya Medtronic ilikubali kumlipa Gary Michelson, daktari wa mgongo wa Los Angeles, dola bilioni 1.35 kumaliza kesi baina yao na kununua hataza zake nyingi za upasuaji wa mgongo. Bei ya mawe ya mpaka kwenye biashara hii ni hiyo.

Neno moja linavyoweza kuangusha dai

Si kila kukataliwa kunahusu uvumbuzi wenyewe. Kiingereza kina vijineno viwili vya kutofautisha kabari fulani isiyotajwa bado na kabari ile iliyokwisha kutajwa. Wakili akiandika "kabari ile" kabla hajasema kwamba kuna kabari, mchunguzi anarudisha dai: kabari ipi? Kwa Kiswahili tungeandika "kabari hiyo", na msomaji yeyote angeuliza vivyo hivyo.

Kosa la pili ni la vipandikizi hasa, na mimi naliona tamu. Sheria ya Marekani ya mwaka 2011 inakataza hataza inayohusisha mwili wa binadamu wenyewe. Sasa wakili akiandika "bamba lililofungwa kwenye pingili ya mgonjwa", ameifanya pingili ya mtu kuwa sehemu ya dai. Mchunguzi anakataa. Wakili anabadilisha: "bamba lililoundwa ili kufungwa kwenye pingili". Chuma ni kile kile na mgonjwa ni yule yule, ila dai la kwanza lilikuwa na mfupa wa mtu ndani yake na la pili halina. Ukiliona dai limekataliwa kwa sababu hii, ujue linarekebishwa kwa muda wa kunywa chai.

Kukataliwa ni mwanzo wa mazungumzo

Ombi likifika, linasubiri foleni, mara nyingi zaidi ya mwaka. Kwa keji zenye michoro mingi, barua ya kwanza inaweza kuwa ya kuchagua: umetuonyesha namna tano za kutanua, tukuchunguzie ipi? Zinazobaki zinaweza kuombewa peke yake baadaye, ndiyo maana wazo moja huzaa ukoo mzima wa hataza zenye michoro ile ile.

Halafu inakuja barua ya kukataa. Maombi mengi ya Marekani hupokea angalau moja, na wakili ambaye madai yake yamekubaliwa bila neno hata moja hujiuliza usiku kama aliomba kidogo mno. Ni kama kununua kitenge Kariakoo. Muuzaji anataja bei asiyoitegemea, mnunuzi anacheka, na hakuna aliyekasirika. Mwombaji ana miezi mitatu ya kujibu, inayoweza kusogezwa kwa ada mpaka sita. Anaweza kubishana kwamba mchunguzi amesoma vibaya, anaweza kumpigia simu wakazungumza, na mara nyingi anapunguza dai. Barua ya pili huweza kuitwa ya kukataa "kwa mwisho", jina linalotisha bure: ukilipa ada nyingine uchunguzi unaendelea.

Dai letu baada ya safari hiyo linaweza kuwa hivi:

"1. Kipandikizi cha kati ya pingili, chenye bamba la juu; bamba la chini; kabari mbili zinazoelekeana zilizo kati ya mabamba hayo; skrubu moja inayopita kwenye kabari zote mbili, yenye hesi za kulia upande mmoja na hesi za kushoto upande wa pili, ili ikizungushwa kabari hizo zisogeleane na mabamba yatengane; na uwazi unaopita kutoka bamba la juu hadi la chini pembeni mwa skrubu hiyo, kwa ajili ya kupokea mfupa."

Linganisha na la mwanzo. Aliyetaka nusu ya wilaya amepata kutoka mwembe mpaka kisima. Jirani mwenye keji ya mkasi yuko huru. Mwenye ya maji yuko huru. Hata mwenye kabari moja badala ya mbili ana la kujitetea. Kichwa cha waraka bado kitasomeka "Kipandikizi cha mgongo kinachotanuka", na magazeti yataandika kwamba fulani amepewa hataza ya vipandikizi vinavyotanuka, kana kwamba wengine wote wafunge maduka.

Hata hataza iliyotolewa si salama milele. Tangu mwaka 2012 mshindani Marekani anaweza kuomba bodi ya ofisi ile ile iipitie upya akiwa na nyaraka ambazo mchunguzi hakuziona, na ndiyo njia iliyoleta shauri la vipini vya NuVasive.

Nilirudi kwenye ile picha ya kundini nikaikuza. Pembeni kulikuwa na namba iliyoishia na A1. Herufi hizo za mwisho ni ndogo ila zinasema mengi: kwa Marekani, A1 ni ombi lililochapishwa tu, jambo linalotokea lenyewe miezi 18 baada ya kupelekwa, liwe zuri au bovu. Hataza iliyotolewa inaishia na B1 au B2. Yaani mtu alikuwa amepiga picha mazungumzo yakiwa katikati. Ukikutana na ripoti ya upekuzi ya Ulaya, utaona herufi nyingine kando ya kila waraka uliopatikana: X ni waraka unaoweza kuua dai peke yake, Y unaua ukishirikiana na mwenzake, na A ni jirani tu asiye na madhara. Ukurasa uliojaa X unamnyima mvumbuzi usingizi.

Na kwetu? Hataza haivuki mpaka. Iliyotolewa Marekani haina nguvu Dar es Salaam wala Mombasa mpaka mwenyewe aombe huku pia, ama kwenye ofisi za nchi, BRELA kwa Tanzania Bara na KIPI kwa Kenya, ama kupitia ARIPO, shirika la kikanda lililoko Harare, ambalo linachunguza ombi moja kwa niaba ya nchi kadhaa zikiwemo hizo mbili. Namba za ARIPO huanza na AP. Kama keji fulani haina namba ya namna hiyo wala ya nchi, michoro yake yote, vipimo na maelezo ya skrubu viko wazi kwenye intaneti, na kwa upande wa hataza hakuna anayeweza kumzuia mtu wa huku kuitengeneza na kuiuza hapa hapa. Yule wa gereji aliposikia hivyo aliuliza kama anaweza kuanza kesho. Kwa hataza, ndiyo. Ila kabla keji yake haijaingia kwenye mgongo wa mtu atalazimika kupita TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, na huko hakuna atakayemuuliza kama inafanana na jeki. Watamuuliza chuma ni cha aina gani, imesafishwaje vijidudu, na imebeba uzito gani kwa mara ngapi kabla ya kuvunjika.